Vipimo Ishirini na Vinne vya Tuba

Katika bendi ya mji ule watu walibishana juu ya kila kitu, kuanzia nani akae karibu na dirisha mpaka nani amemwagia nani mate ya tarumbeta kwenye kiatu. Jambo moja tu halikuwa na ubishi: karatasi za Karani hazikuwa na kosa.

Karani ndiye aliyekuwa mnakili wa bendi. Maisha yake yote ya kazi aliyapitisha katika ofisi ya ardhi, akiandika hati za viwanja kwa mwandiko ulionyooka kama kamba ya mwashi, na manota alijifunza ukubwani, katika darasa la jioni, akiwa na watoto watatu na mvi za kwanza. Miaka thelathini na mbili sasa alikuwa amekabidhiwa kabati la manota, meza ndogo kando ya kabati, na funguo. Chombo hata kimoja hakupiga. Kazi yake ilikuwa kuchukua kitabu kikuu, kile ambacho kiongozi wa bendi hukifungua mbele yake chenye mistari ya wapigaji wote, na kumtolea kila mpigaji karatasi yake, yenye mstari wake peke yake.

Mpigaji akijikwaa katikati ya mazoezi na kusingizia mwandishi, Karani alikuwa akivua miwani, anaifuta taratibu, kisha anasema, "Leta." Ataletewa karatasi, ataitandaza kando ya kitabu kikuu, atalinganisha nota kwa nota huku bendi nzima inangoja, kisha atairudisha.

"Karatasi nzima," atasema. "Kakague midomo."

Kauli hiyo ilikuwa imemchoma kila mtu angalau mara moja. Aliyechomwa kuliko wote alikuwa mpiga tuba, ambaye kwa bahati yake mbaya alikuwa pia shemeji yake.

Mpiga tuba huyo alikuwa fundi seremala, mtu wa mwili mkubwa na sauti ndogo, na wote walimwita Pipa. Hakuna aliyekumbuka kama jina lilianzia kwenye tumbo lake au kwenye chombo chake. Alikuwa amemwoa dada mdogo wa Karani, na Karani mwenyewe ndiye aliyemwingiza kwenye bendi, kwa sababu tuba, tarumbeta kubwa kuliko zote, ilikuwa imekaa bila mwenyewe na alitafutwa mtu mwenye nguvu za kuipandisha ngazi. Tangu siku ile Pipa alipiga kile ambacho tuba hupiga siku zote: pum, pum, pum, chini kabisa, kama mtu anayeshika ngazi ili wenzake wapande.

"Karatasi yako, shemeji, huwa nainakili nikiwa nimelala," Karani alimwambia mara nyingi.

"Na mimi huwa naipiga nikiwa nimelala," Pipa alijibu. "Ndiyo maana hatujawahi kugombana."

Mwaka ule mji ulikuwa unafungua ukumbi mpya, na bendi ikaombwa ipige siku ya ufunguzi. Kiongozi wa bendi alikuwa mpya, dada wa miaka thelathini na kitu aliyesoma muziki chuoni, mwembamba, mwenye kalamu ya risasi iliyochomekwa kwenye nywele. Wote walimwita Mwalimu, hata wazee waliozaliwa kabla ya mama yake. Akachagua muziki mrefu wa zamani uliokuwa haujapigwa kwa miaka mingi, Karani akafungua kabati, akavuta bahasha yake kutoka rafu ya juu, na ikatoka nzito kama tofali. Bati lilikuwa limevuja. Karatasi zote za wapigaji zilikuwa zimegandana, wino umechanganyika, nota za filimbi zimeingia kwa ngoma. Kilichosalimika ni kitabu kikuu peke yake, kwa kuwa kilihifadhiwa kwenye droo.

"Tunaweza kukipeleka kwenye mashine ya kutoa nakala," Mwalimu alisema.

"Tunaweza," Karani akasema. "Halafu kila mmoja apulize huku anafungua kurasa sitini zenye mistari ya watu kumi na wanne, atafute wa kwake. Nipe wiki tatu."

Alimaliza kwa siku kumi na tisa. Kidole cha kati kilivimba pale kalamu inapoegemea, mke wake akakizungushia kitambaa, naye akaendelea. Karatasi ya mwisho ilikuwa ya tuba. Kama kawaida aliiacha mwisho kwa sababu ilikuwa rahisi.

Siku ya kugawa, alisimama kando ya kabati na kumwita mmoja mmoja. Filimbi. Klarineti ya kwanza. Klarineti ya pili. Alipofika kwa Pipa, shemeji yake aliipokea karatasi kwa vidole viwili, akaipitisha macho kama mtu anayesoma hati ya kiwanja, akageuza ukurasa wa pili, akasimama pale pale. Akarudi nyuma. Akasoma tena. Kisha akaukamata mkono wa Karani, akaushika muda mrefu kuliko kawaida ya kupeana mikono.

"Shemeji," alisema. Akaibeba tuba yake, akashuka ngazi.

Karani akadhani tumbo linamsumbua.

Kwa desturi ya bendi ile, karatasi mpya zikishagawiwa kila mmoja hujinoa kwao kwa wiki moja kabla ya kukutana, ili wasisikie aibu za wenzao. Siku ya tano Karani alipigiwa simu na dada yake.

"Kaka, njoo umsikilize shemeji yako. Au njoo umchukue, nitakushukuru vilevile."

Karakana ya Pipa ilikuwa nyuma ya nyumba, imejaa unga wa mbao na harufu ya gundi. Karani alipokaribia, alisikia wimbo. Ulitoka chini, ukapanda polepole, ukasimama mahali kama mtu anayeangalia nyuma aone kama wenzake wanafuata, kisha ukapanda tena. Ulikuwa wimbo mzuri kabisa. Cherehani ya jirani ilikuwa imenyamaza, na mshonaji mwenyewe amesimama ugani, futi imemning'inia shingoni. Ndani, Pipa alikuwa ameketi kwenye ukingo wa kitanda kisicho na mbao za chini, amekumbatia tuba, macho ameyafunga, jasho linamtoka kama anayeranda.

Dada yake alisimama mlangoni, mikono kiunoni, akijaribu kukasirika.

"Hicho kitanda kilitakiwa Jumatatu," alisema kwa sauti ya chini. "Mwenye kitanda amekuja mara mbili. Mara ya pili alikaa kwenye benchi akasikiliza, akaondoka bila kuuliza kitanda."

"Kaanza lini?"

"Siku ile ile uliyompa karatasi. Kaka, nimeolewa na pum-pum miaka ishirini na tisa. Nikipika, pum. Nikifua, pum. Watoto wamezaliwa wamesikia pum kabla ya kusikia sauti ya baba yao. Sasa leo ndiyo nasikia mume wangu anasema kitu." Akajifuta jicho kwa mgongo wa mkono, kisha akamkazia macho kaka yake asije akaliona. "Amewaambia wasichana wote wawili waje na wajukuu siku ya ufunguzi. Amemwalika anayemuuzia mbao. Amemwalika mpaka yule fundi wa mtaa wa pili ambaye hawasalimiani."

Karani akatabasamu. Mzuri sana, akawaza, lakini nani kamfundisha wimbo wa baritoni?

Kisha tabasamu likamkauka usoni.

Baritoni ni mdogo wake tuba: umbo lile lile, ila mtu anaweza kuibeba kwa mkono mmoja. Katika bendi ile ilipigwa na mtu mmoja, kinyozi mwenye duka upande wa pili wa mji. Wimbo ule ulikuwa wa Kinyozi. Ndio uliokuwa moyo wa muziki wote, ukurasa wa thelathini na moja, vipimo ishirini na vinne, kila kipimo hesabu nne, ambavyo bendi karibu nzima hunyamaza ili baritoni isikike. Na tuba ilikuwa miongoni mwa wanaonyamaza.

Hakuaga. Alikwenda nyumbani kwa mwendo wa mtu aliyeacha jiko linawaka, akafungua kitabu kikuu ukurasa wa thelathini, kisha wa thelathini na moja, na akaliona kosa lake limekaa pale likimwangalia.

Kitabu kikuu hupangwa mistari chini kwa chini, filimbi juu kabisa na ngoma chini kabisa. Lakini wapigaji fulani wakinyamaza ukurasa mzima, mchapaji huiondoa mistari yao asiharibu karatasi, na waliobaki husogea. Kwa hiyo mnakili mwenye akili hasomi mahali mstari ulipo, husoma jina lililoandikwa pembeni, kila ukurasa upya. Karani alilijua hilo kama anavyojua njia ya chooni kwake. Alikuwa amewafundisha wengine. Ila kwa karatasi ya tuba, karatasi ya kunakili mtu akiwa amelala, aliacha kusoma majina, akawa anafuata tu mstari wa juu ya ngoma. Ukurasa wa thelathini na moja tuba ilinyamaza, mstari wake ukaondolewa, na baritoni ikashuka kukaa juu ya ngoma. Naye akaunakili wimbo wote, kwa mwandiko wake mzuri, bila nota moja kuanguka.

Mke wake alimkuta ameshika kichwa.

"Kuna msiba?"

"Nimekosea."

Mke wake akaweka kikombe mezani polepole. "Umekosea nini?"

"Karatasi."

"Nota moja?"

"Vipimo ishirini na vinne."

"Haya," mke wake akasema, akavuta kiti. "Umengoja miaka thelathini na mbili, umetoa kwa jumla."

Alimweleza yote. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa ofisi, akaanza kueleza na dawa yake. Wanakili wana kiraka: kipande cheupe cha karatasi, kinakatwa kwa upana wa mistari, kinaandikwa kilicho sahihi, kinabandikwa juu ya kosa. Kiraka cha Pipa kingekuwa rahisi kuliko vyote. Mstari mmoja mnene uliolala, na juu yake namba 24. Maana yake: nyamaza vipimo ishirini na vinne. Atakwenda kesho, kabla ya mazoezi ya Jumamosi, abandike, na hakuna atakayejua.

"Na yeye atajua nini?"

"Atajua ni kimya."

"Shemeji yako ni seremala, si kipofu." Akanyanyuka na kikombe chake. "Ubandike tu, ila umwambie kwa mdomo. Usimsahihishe kama hati ya kiwanja."

Ijumaa asubuhi Karani alisimama katika unga wa mbao na kiraka ndani ya bahasha. Alikuwa ameandaa maneno njiani, na yote yakamtoka vibaya. Alisema kuna jambo dogo kwenye ukurasa wa pili. Alisema halikuwa jambo dogo. Alisema mstari wa juu ya ngoma, na mchapaji, na kusogea, mpaka Pipa akaweka randa chini.

"Shemeji, sema tu."

"Ule wimbo si wako. Ni wa Kinyozi. Niliunakili kwa makosa."

Pipa akatazama tuba yake iliyosimama kwenye kona, kisha akarudisha macho kwa Karani. Hakununa. Ingekuwa afadhali angenuna.

"Kumbe," alisema. Akaokota kipande cha mbao, akakipuliza unga. "Nilijua tuba haiandikiwi hivyo. Mimi si mtoto, nimepiga karatasi ngapi. Nikajua kuna mkono wa mtu hapa. Nikasema, huyu mtu amenitania miaka yote, kumbe alikuwa ananisikia. Kumbe ameniandikia."

Karani akaifungua bahasha.

"Lete hicho kiraka," Pipa akasema.

Akakichukua. Chupa ya gundi ambayo Karani alikuwa ametoa mfukoni aliisukuma pembeni. "Hiyo ya ofisini itabanduka jasho likidondoka." Akachovya brashi kwenye kopo lake la gundi ya mbao, akapaka kidogo sana, akakilaza kiraka juu ya wimbo, akakipangusa kwa dole gumba kutoka kushoto kwenda kulia. Kilikaa sawasawa. Hata ukingo haukuonekana.

"Na usimwambie mtu," alisema. "Jina lako ni jina lako. Nitawaambia nyumbani Mwalimu amebadilisha."

Jumamosi alasiri bendi ilikutana katika chumba cha mazoezi, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la vifaa vya umeme. Viti vilikwaruza, klarineti zikatoa milio ya bata, mpiga tarumbeta wa kwanza akagombea dirisha na akashinda. Mwalimu akagonga kinara chake cha kuwekea manota. Karani alikaa mahali pake kando ya kabati, miwani imefutwa mapema.

Muziki ulikwenda vizuri kwa mara ya kwanza. Ukurasa wa thelathini na moja ukafika, bendi ikashuka, na Kinyozi akauanza wimbo. Alikuwa mpigaji safi, mtu nadhifu hata kwenye kupumua, na aliupiga kama anavyokata nywele, bila unywele mmoja kuzidi. Lakini Karani hakumtazama yeye. Alimtazama Pipa, aliyeketi nyuma yake na tuba kwenye mapaja, midomo ikihesabu bila sauti. Moja mbili tatu nne. Mbili mbili tatu nne. Kila kipimo alikikunjia kidole, na vidole vilipoisha alianza upya. Pale wimbo unaposimama kuangalia nyuma, Pipa alisimamisha kidole chake hewani, akangoja nao, kisha akaendelea kuhesabu.

Mwishoni mwa ukurasa kulikuwa na alama ya kurudia. Kinyozi akavuta pumzi aanze tena.

"Mwalimu," Karani alisema, na kiti chake kikaanguka nyuma yake. "Kuna kosa kwenye karatasi."

Bendi ikasimama vipande vipande, ngoma ikawa ya mwisho.

"Karatasi ya nani?" Mwalimu akauliza.

"Yangu."

Mpiga matoazi, ambaye alikuwa hajapiga kitu kwa dakika sita na karibu asinzie, aliachia toazi moja, likabingirika mpaka chini ya kabati likizunguka na kulia. Walingoja linyamaze.

"Rudia, Mzee Karani," akasema mpiga tarumbeta wa kwanza. "Sikio langu la kushoto halikusikia."

"Nimekosea," Karani akasema. "Nilimnakilia Pipa wimbo wa baritoni. Nilifuata mahali, sikusoma jina."

Kilichofuata kilikuwa sherehe. Klarineti ya pili alisimama juu ya kiti. Mtu wa tromboni alipiga mlio mrefu wa kuteleza, wa kumzomea. "Leta," alisema mmoja, akivua miwani ambayo hakuwa nayo na kuifuta hewani, na wote wakaangua kicheko, kwa sababu kila mmoja alikuwa na deni la miaka na leo linalipwa. "Kakague mikono, mzee." "Kakague macho." Karani alisimama akakipokea chote. Kwa namna fulani hakikuuma kama alivyofikiri kingeuma. Kilikuwa kama kuvua kiatu kilichobana.

Pipa peke yake hakucheka. "Shemeji, tulishamaliza," alisema.

"Hatujamaliza. Mwalimu, ukurasa huu unapigwa mara mbili. Naomba mara ya kwanza apige Kinyozi, mara ya pili apige tuba."

Mwalimu alichomoa kalamu kwenye nywele, akairudisha. "Mzee, mtunzi ameandika kimya. Wewe ndiye uliyeniambia juma la kwanza nilipofika hapa, kilichoandikwa kimeandikwa."

"Nilisema. Na wengine wote hapa niliwaambia, wanaweza kukuhesabia mara ngapi." Akakohoa. "Nimesikia kilichoandikwa. Na juzi, karakanani, nimesikia kilichokosewa. Naomba na wewe usikie vyote viwili, halafu utakachosema ndicho nitakachonakili."

Mwalimu akamgeukia Kinyozi. "Wimbo ni wako. Unasemaje?"

Kinyozi aliifuta baritoni yake kwa kitambaa cha dukani kwake, bila haraka. "Nauliza jambo moja. Akiboronga, watu wa nyuma watajua ni nani? Maana kwa mbali haya madude yanafanana."

"Nitavaa shati jekundu," Pipa akasema.

Wakacheka tena, na Kinyozi akasema, "Apige, nisikie."

Pipa akaitazama karatasi yake. Akaikwangua kidogo kwa ukucha. "Siwezi kuusoma," alisema. "Nimebandika kwa gundi ya mbao."

"Basi tuache," akasema Mwalimu.

"Sijasema siujui."

Akaipandisha tuba mapajani, akafunga macho. Mwalimu alisita kidogo, kisha akainua mkono, klarineti zikaweka ule mnong'ono wao wa chini, na tuba ikaingia.

Ilikuwa chini kuliko baritoni, na nzito zaidi, na kwa vipimo viwili vya kwanza watu walitaka kutabasamu kama mtu anavyotabasamu akimwona mwanamume mkubwa anacheza na kitoto kichanga. Kisha wakaacha. Wimbo ule ule ambao Kinyozi aliuimba kama kijana, sasa uliimbwa na mtu aliyebeba vitu ngazini miaka ishirini na tisa. Ulipanda. Kwenye nota ya juu kabisa, mahali ambapo tuba haitakiwi kufika, ulitetemeka kama mbao iliyolazwa juu ya mtaro ikipitiwa na mtu mnene, na kila mpigaji chumbani alijikuta ameshika pumzi amsaidie. Akavuka. Akashuka upande wa pili polepole, nota moja moja, mpaka kwenye ile pum yake ya zamani, ambayo sasa ilisikika kama mtu aliyefika nyumbani akaketi.

Mpiga matoazi ndiye aliyeanza kupiga makofi, kwa kuwa mikono yake ilikuwa mitupu.

"Mara ya pili ni yake," Kinyozi akasema. "Mimi nitapumzisha mdomo. Lakini ya kwanza ni yangu, na nitaipiga mpaka aone haya kufungua kinywa."

Mwalimu alikuwa ameinamia kitabu kikuu. Alichomoa kalamu na kuandika pembeni ya ukurasa wa thelathini na moja, kwa herufi ndogo: mara ya pili, tuba. Akapiga mstari chini yake.

"Haya, Mzee," alimwambia Karani. "Imeandikwa. Nakili."

Siku ya ufunguzi walipiga saa kumi jioni, jua likiwa bado limesimama kwenye madirisha mapya ya ukumbi. Pipa alivaa shati jekundu chini ya koti la bendi, likachungulia shingoni. Safu ya tatu walikaa dada yake Karani, mabinti wawili, wajukuu watano, muuza mbao, mshonaji jirani, na mwisho wa safu, amekunja mikono, yule fundi wa mtaa wa pili. Kinyozi alitimiza ahadi: aliupiga wimbo vizuri mpaka mtu mmoja katikati ya ukumbi alisema "ah" kwa sauti. Kisha ikaja alama ya kurudia. Baritoni ikashuka mapajani. Vichwa vikaanza kugeuka kutafuta sauti inatoka wapi, na mjukuu mmoja akasimama kwenye kiti akaonyesha kwa kidole: "Babu."

Nota ya juu haikutetemeka hata kidogo. Pipa alisema baadaye kwamba aliipita bila kuiona, kama mtu anayezungumza na mwenzake njiani akashtukia amefika.

Watu walipotoka nje, fundi wa mtaa wa pili ndiye aliyefika kwa Pipa wa kwanza. Walisalimiana. Halafu wakaanza kubishana juu ya aina ya mbao iliyotumika kwenye jukwaa, na dada yake Karani akawaacha, akaja kusimama karibu na kaka yake. Alimnyoosha kola ya koti, ingawa ilikuwa imenyooka.

Bwana mmoja mgeni, mwenye kijitabu, alikuja kuuliza. "Samahani, mzee. Nimeusikia muziki huu mara nyingi, lakini sijawahi kusikia hiyo sehemu ya tuba. Nani ameitunga?"

"Wimbo ni wa mtunzi," Karani akamjibu, akivua miwani. "Kuipa tuba ni kosa langu. Andika hivyo hivyo."

Na mkono ukamgusa begani. Alikuwa mpiga matoazi, toazi moja kila kwapa, na uso wa mtu aliyeyafikiria maneno yake tangu Jumamosi ile.

"Mzee Karani, mimi kwenye muziki ule nina kimya vipimo mia na kumi na viwili mfululizo. Nimehesabu mwenyewe. Sisemi kitu. Nauliza tu, ukianza kunakili muziki unaofuata, huwezi ukasinzia kidogo ukifika kwangu?"

Karani akamtazama juu mpaka chini.

"Unaweza kupiga taratibu?" akauliza. "Taratibu kabisa, kama mvua ikianza?"

"Sijawahi kuombwa," akasema mpiga matoazi, na papo hapo, kwenye ngazi za ukumbi, katikati ya watu na wajukuu, akayatoa matoazi makwapani ili amwonyeshe.